Kidoa Kinono

Neli ilipaswa kung'aa ndani ya dakika kumi. Hilo lilijulikana pale maabara hata na mlinzi wa getini, maana kwa miaka mitatu Bi Kisu hakuwa na wimbo mwingine. Unachukua bakteria hai, unawatia na maji yao kwenye neli ya kioo, wanakaa humo na ukungu mweupe kama maji yaliyooshewa mchele. Unadondosha kimeng'enya. Kimeng'enya kinapasua kuta za bakteria, mmoja baada ya mwingine, ukungu unatoweka, na mwisho unaweza kuiweka neli mbele ya gazeti ukasoma habari za michezo. Dakika kumi, basi.

Alidondosha saa nne kasorobo asubuhi, siku ya Alhamisi, akavuta kigoda akakaa, akakodoa macho. Saa nne na nusu ukungu ulikuwepo. Saa tano ulikuwepo. Ilipofika saa sita, kama kuna kilichobadilika basi ni kwamba bakteria walikuwa wameongezeka, wanajinafasi mle ndani kama wageni walioandaliwa chai.  Bi Kisu akajipa moyo kwamba labda bakteria wenyewe ndio wenye kasoro. Akatafuta yai, maana ute wa yai nao una kimeng'enya cha namna hiyo hiyo, dhaifu lakini cha kweli, akatia matone ya ute kwenye neli ya pili. Neli ya pili ikang'aa mbele ya macho yake, taratibu, bila makuu. Kwa hiyo bakteria walikuwa sawa, maji yalikuwa sawa, neli zilikuwa safi. Kazi ya miaka mitatu ilikuwa imeshindwa na yai.

Ngoja niwaeleze hiyo kazi, msije mkadhani mama wa watu alikuwa anacheza upishi. Wodi za hospitali zimejaa bakteria waliozoea dawa; unawapa kidonge, wao wanakiona peremende. Sasa, kipo kimeng'enya kinachotoka kwa kirusi fulani kinachowinda bakteria, na hicho hakibembelezi mtu. Ukikipata kwa wingi umepata silaha. Lakini njia ya kukipata kwa wingi ni kuchukua jeni lake, yaani yale maelezo ya kukitengeneza, na kulipandikiza ndani ya bakteria wa maabara ili wao wakitengeneze. Hebu fikiria mwenyewe: unamwomba bakteria afue kisu cha kuchinjiwa yeye. Mwanzoni walikufa wote, na nani angewalaumu?

Ndipo Bi Kisu akabuni ala. Alichukua jeni la protini nyingine, kubwa, pole, isiyo na madhara, akaliunganisha na jeni la kimeng'enya ili bakteria avitoe vyote viwili vikiwa kitu kimoja, kisu ndani ya ala yake. Bakteria anafua bila kujikata. Baadaye wewe unawavunja bakteria, unaosha, unatia protini ya tatu ambayo kazi yake ni kukata pale kwenye kiungo tu, na kisu kinachomoka. Wenzake walicheka sana, wakampa jina la Bi Kisu, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Hiyo protini ya kukata, ambayo wao waliiita mkasi, iliagizwa mbali, na mara mbili ilifika barafu imeyeyuka na mkasi umeharibika. Wa tatu ulifika salama wiki ile ile. Ina maana kwamba muda wote huo kisu hakikuwahi kuchomolewa hata mara moja. Kilichokuwa kinaonekana ni wingi wake tu: picha yenye mstari mweusi mnene kama kidole gumba, ushahidi kwamba bakteria wa Bi Kisu wanatoa protini kupita wote waliowahi kufugwa pale. Mkuu wa maabara, bwana mwenye tumbo la heshima na sauti ya redio, aliitia picha hiyo kwenye fremu akaitundika ukumbini. Na kamati ilikuwa inakuja Ijumaa ya wiki inayofuata, kuamua kama kazi ya Bi Kisu iendelee au chumba apewe mwingine.

Ijumaa asubuhi alipeleka sampuli kwa msomaji wa jeni, bwana mpole wa jengo la jirani mwenye mashine inayosoma herufi za jeni moja moja. Alikuwa amewahi kumsomea mwaka wa kwanza, na majibu yakawa safi kabisa. Safari hii bwana yule alikipokea kichupa, akauliza tu, kama mtu anayeuliza chai iwe ya rangi au ya maziwa:

"Nianzie mbele kama ile ya kwanza, au nyuma?"

Hapo Bi Kisu akapiga hesabu. Mashine ile husoma herufi mia nane hivi, kisha inachoka. Ala peke yake ina herufi elfu moja na mia moja, na kisu kiko nyuma ya ala. Siku ile ya mwaka wa kwanza alipoyapata majibu akatembea ukumbini kifua mbele, alikuwa amesoma ala. Kisu hakukisoma. Miaka mitatu, jamani, na hajawahi kukisoma.

"Nyuma," alisema, na sauti haikuwa yake.

Jumamosi hakula. Jumapili mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao na kufuga kuku sita uani, alimwita amsaidie kumnyonyoa kuku mmoja. Alikuwa amemchinja yule mkubwa kuliko wote, mwenye manyoya yanayong'aa. Bi Kisu, mikono yake ndani ya maji ya moto na akili yake kwenye mashine ya msomaji, aliuliza kwa nini amchinje huyu na huyu ndiye mzuri.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika kiuno. "Mzuri wa kutazamwa. Mkwe wangu, umesoma hivyo vitabu vyote hujui kwamba kuku anayetaga hanenepi? Huyu chakula chote anajilia mwenyewe. Wale waliokonda ndio wanaotulisha."

Mumewe naye akachomekea kwamba hata ofisini kwao mambo ni hayo hayo. Wakacheka wote watatu. Bi Kisu alicheka kwa adabu, akaendelea kunyonyoa. Maneno yalipita sikio la kulia yakatokea la kushoto, maana mtu aliyejawa na hofu hana nafasi ya kuku.

Jumatatu saa sita mchana majibu yalikuja. Herufi moja. Katika kisu kizima, herufi moja tu ilikuwa imebadilika, lakini ilikuwa pale pale kwenye jino la kimeng'enya, pale panapouma ukuta. Kisu kilikuwa na mpini, kilikuwa na bapa, hakikuwa na makali. Aliisoma karatasi mara nne. Aliiweka mezani akaigeuza, kana kwamba upande wa pili kuna habari nyingine.

Halafu yule kuku akarudi. Akarudi mzima mzima, na manyoya yake, na kicheko cha mama mkwe. Bi Kisu aliinuka kwa ghafla hadi kigoda kikaanguka, akaenda kabatini kutafuta daftari lake la mwaka wa kwanza.

Picha ilikuwepo, imebandikwa kwa gundi iliyokwisha kuwa ya manjano. Sahani ndogo ya plastiki yenye jeli, na juu ya jeli vidoa, ambapo kila kidoa ni ukoo mzima wa bakteria waliotoka kwa mzazi mmoja. Vidoa arobaini na kitu vilikuwa vidogo kama vumbi, vimedumaa, vya kutafuta kwa macho makali. Na katikati yao kidoa kimoja, kikubwa, cha mviringo, kinono. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe wa kujiamini, palikuwa pameandikwa: *Sahani mbovu tena. Dawa imezidi. Nimechukua hiki kimoja kizuri.*

Lo. Sasa aliona kila kitu, na afadhali asingeona. Ala si kufuli. Kisu kikali, hata kikiwa alani, humkwaruza aliyekibeba. Wale arobaini waliodumaa ndio waliokuwa wamebeba kisu cha kweli. Walikuwa wamechoka kwa sababu walikuwa kazini. Yule mmoja aliponenepa ni kwa sababu ndani yake herufi moja ilikosewa, kisu kikawa butu, mzigo ukamtoka, akala akashiba akazaa. Bakteria hawana kosa, wao walitafuta uhai. Na yeye akafanya kama wanavyofanya wote wa kazi ile bila kufikiri, mkono ukaenda wenyewe kwenye kidoa kikubwa, akamchukua kuku asiyetaga akamfuga miaka mitatu.

Ingeishia hapo ingekuwa balaa la kawaida. Alifunua ukurasa uliofuata. Palikuwa na nakala ya barua.

Zile sahani hazijimimini zenyewe. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, wote walimwita Mama Sahani, aliyekuwa akichemsha jeli, akipima dawa, akimimina sahani mia kwa siku bila povu hata moja. Dawa inayotiwa kwenye jeli huua bakteria wasiobeba jeni lako, lakini ikizidi hata waliobeba wanadumaa. Bi Kisu alipoona vidoa vyake kama vumbi mara ya tatu mfululizo, hakuuliza mara mbili. Aliandika kwa Mkuu: *Mhudumu anayemimina sahani hana umakini unaohitajika. Sahani zake zimechelewesha utafiti. Naomba abadilishwe.* Na Mama Sahani akabadilishwa. Alipelekwa chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha kuoshea vyombo na kuchemshia taka, akiwa na miaka ishirini na mbili ya kumimina.

Bi Kisu alishuka ngazi bila kujua miguu yake iko wapi. Chumba cha chini kilijaa mvuke na kelele za mashine. Mama Sahani alikuwa amesimama mbele ya beseni, aproni ya plastiki mpaka magotini, anasugua chupa kwa brashi ndefu. Zamani alikuwa anamwita Bi Kisu mwanangu, anamwekea sahani zenye moto bado zimefungwa kwa kitambaa zisipate baridi. Sasa aligeuka, akamtazama, akasema, "Karibu, Daktari," na akarudi kwenye chupa yake.

Bi Kisu alieleza yote, akizungumza na mgongo wa yule mama, kwa sababu yule mama hakugeuka tena. Alieleza herufi, alieleza kidoa kinono, alieleza wale arobaini. Alisema sahani zilikuwa nzima. Alisema mimi ndiye niliyekosea, mama, nisamehe.

Mama Sahani alisuuza chupa, akaiinamisha kwenye kichanja, akachukua nyingine. Akasema alijua sahani zilikuwa nzima. Kila fungu alilomimina alilijaribu kwanza kwa bakteria wa kawaida, akaandika kwenye daftari la sahani, na daftari lile lilikuwa kwenye rafu ya juu muda wote huo, wala hakuna aliyewahi kulifungua. "Nilipotaka kukuonyesha, uliniambia, mama, kazi yako ni kumimina."

Bi Kisu alikumbuka. Hakuna kitu kibaya kama kukumbushwa neno lako na ukakuta kweli ni lako. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Niliona vidoa vile vidogo vinatupwa," Mama Sahani akaendelea, "nikavikwangua nikavigandisha kwenye friza, kwenye kisanduku chenye mfuniko wa njano. Nikaandika juu, usitupe. Nilisema, wakiniita nijieleze, nitaweka mezani. Nikangoja kuitwa. Sikuitwa."

Moyo wa Bi Kisu uliruka. Kama vidoa vile vipo, kisu kipo, siku nne zinatosha kuonyesha kitu. Aliuliza kisanduku kiko wapi, na alipokuwa anauliza, mfuniko wa njano akauona akilini. Mwaka uliopita friza ilijaa. Yeye ndiye aliyebandika tangazo mlangoni kwamba visanduku visivyo na jina la mwenyewe vitaondolewa baada ya wiki mbili. Yeye ndiye aliyeviondoa.

"Tangazo lilibandikwa juu," alisema Mama Sahani. "Mimi niko chini. Kisanduku kilinifikia kwenye kapu la taka za kuchemshwa, kimeshayeyuka. Nimekichemsha kwa mkono wangu, Daktari, kama sheria inavyotaka."

Bi Kisu alishika ukingo wa beseni. Alitaka kulia na machozi hayakuja. Alikuwa amekauka tu, kama mtu aliyepigwa kofi na hajajua limetoka wapi. Akarudia, nisamehe mama. Hapo ndipo Mama Sahani alipozima bomba, akamgeukia, akafuta mikono kwenye aproni kidole kimoja kimoja.

"Barua uliipeleka juu, radhi unaniletea chini," alisema. "Haya, nimesikia. Nenda kafanye kazi."

Jioni ile ile Bi Kisu alimweleza Mkuu. Mkuu alipauka, akafunga mlango, akakaa, akasimama, akaitazama kalenda. Kisha ile sauti ya redio ikamrudia. Akasema hakuna haja ya kuchoma nyumba kwa sababu ya panya. Kamati itaonyeshwa picha, mstari mnene, wingi wa protini, na itaambiwa kwamba majaribio ya kuchomoa kisu ndiyo yanaanza. Hakuna neno la uongo hapo, si ndiyo? Wakishaongeza muda, kazi ya kuunganisha jeni upya ifanywe kimya kimya, miezi miwili hivi. Na habari ya mama wa kuosha vyombo, yaliyopita si ndwele.

Na msidhani Bi Kisu hakutamani. Alitamani sana. Alitembea nalo neno lile Jumanne na Jumatano, akaliona lina miguu. Angeuinamisha uso kidogo tu, dakika ishirini, na miaka mitatu ingepona. Alhamisi, wakati wanapanga vyombo mezani kabla ya chakula, mama mkwe alimwuliza kwa nini anazunguka kama mtu aliyemeza mwiba. Akamweleza habari ya Mama Sahani, mwanzo mpaka mwisho, bila kujipendelea. Mama mkwe aliweka sahani chini. Alisema tu kwamba mwanamke yule amekaa chini ya ngazi miaka mitatu kwa barua ya mistari mitatu, ina maana kila mstari mwaka mmoja. Hakuongeza kitu, akaenda kuwafungia kuku.

Ijumaa saa nane mchana kamati iliketi. Walikuwa watatu, na mwenyekiti alikuwa mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mkuu alifungua kwa maneno mengi mazuri, akaionyesha picha ya fremu, akampisha Bi Kisu.

Bi Kisu alisimama. Alikuwa ameandaa kurasa sita, akaziacha mezani. Alisema kwamba mstari mnene ule ni wa kisu butu. Alisema bakteria wake wananenepa kwa sababu hawafanyi kazi waliyopewa, na kwamba yeye ndiye aliyewachagua, kwa macho yake, kwa sababu walikuwa wazuri. Alieleza jinsi alivyosoma ala asisome kisu. Mmoja wa kamati aliacha kuandika, kalamu ikabaki hewani. Mkuu alikuwa anaitazama dari kama anayeisubiri idondoke. Kisha Bi Kisu akatoa barua, akaisoma kwa sauti, mistari yote mitatu, akasema aliyeandikwa humu hakukosea kitu, sahani zake zilikuwa sahihi, na yeye alimfukuza shahidi wa pekee aliyekuwa anasema kweli. 

 Mwenyekiti alivua miwani.

"Huyo mama yuko wapi sasa?"

"Chini," alisema Bi Kisu. "Anaosha vyombo."

"Na aliwahi kuulizwa?"

Bi Kisu alitikisa kichwa. Mwenyekiti akamgeukia Mkuu, akamtazama kwa muda ambao Mkuu hatausahau, akasema: "Aitwe."

Mkuu alipiga simu mwenyewe. Dakika tano zikapita. Kumi. Ilipofika robo saa, Mkuu alianza kutabasamu kidogo na kusema kwamba wahudumu, mnajua tena. Ndipo mlango ukafunguliwa. Mama Sahani aliingia akiwa amevua aproni ya plastiki na kuvaa lile koti jeupe la zamani, limepigwa pasi, mkunjo mikononi umesimama. Kwapani alibeba daftari la sahani, kubwa, limefungwa kwenye nailoni, na mkononi alishika ndoo ndogo ya barafu. Juu ya barafu kulikuwa na sahani moja imefunikwa.

Aliwaamkia wote kwa heshima, akaomba radhi kwa kuchelewa. Akasema alikuwa amepita kwanza kwa msomaji wa jeni, kuna kitu chake alikuwa amekiweka kule.

Kisha akapanga vitu mezani kama anayeandaa chakula. Daftari hapa. Sahani hapa. Karatasi iliyokunjwa mara nne hapa. Mwenyekiti akainama juu ya sahani, akasema haoni kitu, ni vumbi tu. Bi Kisu hakuhitaji kuinama. Alikuwa ameviona vidoa vile siku nne mfululizo kila alipofumba macho.

"Vichupa vilikuwa viwili," alisema Mama Sahani. "Kimoja kilitupwa. Cha pili ndicho hicho kwenye ndoo; nilikiweka kwa msomaji wa jeni, nikasema nitakitoa siku nitakayoitwa. Jumatatu nilimimina sahani moja nione kama wako hai. Wamechelewa kuota, lakini wameota. Msomaji amesoma toka nyuma. Majibu hayo."

Bi Kisu aliifungua karatasi. Macho yalikimbia moja kwa moja hadi kwenye jino, pale pale. Herufi sahihi ilikuwepo. Kisu kilikuwa kizima, chenye makali yake yote, na kilikuwa kimekaa miaka mitatu ndani ya barafu hatua mia mbili kutoka kwenye meza yake, huku yeye akimnenepesha yule mwingine.  Alikaa chini bila kuambiwa.

"Jumatatu ulikuwa nacho," alisema.

"Nilikuwa nacho."

"Na hukuniambia, mama."

"Hukuniita," alisema Mama Sahani. "Ulishuka."

 Mwenyekiti alinong'onezana na wenzake, haikuchukua muda, akasema kazi ipewe miezi sita kuanzia leo, na kwamba kamati ingependa kuiona hiyo neli iking'aa kwa macho yake yenyewe. Mkuu akashusha pumzi iliyosikika mpaka ukumbini. Akanyoosha mkono wa haraka kuelekea kwenye ndoo, kama mwenye mali.

Mama Sahani aliivuta ndoo upande wake, taratibu.

"Kwanza barua itolewe kwenye faili langu," alisema.

Mkuu alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kumtuma. Mwenyekiti alikuwa anasafisha miwani yake na wala hakuinua uso. Ikabidi bwana mkubwa atoke mwenyewe, na tumbo lake la heshima, na wakamsikia anavuta droo moja baada ya nyingine chumba cha pili. Alirudi na karatasi imeshika vumbi. Mama Sahani aliisoma yote, polepole, midomo ikitembea, kwa sababu katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwonyesha. Alipofika mwisho aliikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

Ndipo aliposukuma ndoo kuelekea kwa Bi Kisu. Bi Kisu aliipokea kwa mikono yote miwili, lakini yule mama alikuwa bado hajaachia.

"Sahani nitamimina Jumatatu asubuhi," alisema. "Na kuchagua, Daktari, safari hii nachagua mimi."

Bi Kisu aliitikia ndiyo mama, na barafu ikaendelea kumwagika kidogo kidogo kwenye kitambaa cha meza, kwa sababu wote wawili walikuwa wameishikilia.